Nyamizi na Mlima Usioshika Kitu

Hadithi hii imepanda mlima kwa miguu. Tuipishe ikae, ipumue kidogo.

Imepumua? Haya, tuishike mkono, maana kuna utelezi.

Palikuwa na mtoto aitwaye Nyamizi. Alikuwa na miaka sita, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameshamuaga.

Nyamizi alizaliwa Tabora, kwenye tambarare. Huko nchi imelala chali kama chapati.

Huko ukiweka kitu chini, kinakaa. Ukirudi kesho, unakikuta palepale, kinakusubiri.

Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Mama yake alikuwa muuza vitumbua, na vitumbua vyake havikuwahi kulala.

Siku moja shangazi yake Mama alisema magoti yake yamechoka. Alikwenda kuishi kwa mwanawe, na shamba lake akawaachia wao.

Shamba lilikuwa mbali, kwenye milima ya Mbinga, kijiji cha Lihumbati. Lilikuwa limeinuka kama mgongo wa ng'ombe anayeamka.

Lori liliwashusha barabarani. Dereva aliitazama nyumba yao kule juu, akamtazama Baba, akampa pole.

Nyamizi alibeba vitu viwili tu. Mkono wa kulia ringi ya baiskeli, ya kuchezea. Mkono wa kushoto kopo la maharage.

Maharage yalikuwa meupe, yenye madoa mekundu. Alipewa na Bibi wa Tabora siku ya kuagana.

Bibi alimwambia haya si ya kupika. Ni ya kupanda, siku atakapokuwa amezoea.

Nyamizi alifika juu akihema. Aliweka ringi chini, afunge kamba ya kiatu.

*Biri, biri, biri, mpaka chini.*
*Mlima haushiki kitu.*

Ringi ilishuka njia nzima peke yake. Ikaingia kijitoni, chubwi.

Baba aliifuata. Alishuka kwa dakika moja, akapanda mchana kutwa.

Jioni walikula ugali. Mchuzi wote ulihamia upande wa Baba.

Mama aliweka kiazi mezani. Kiazi kilitazama kushoto, kikatazama kulia, kikaondoka.

*Biri, biri, biri, mpaka chini.*
*Mlima haushiki kitu.*

Nyamizi akaenda kulala. Sakafu ya chumba ilikuwa na mteremko, na kitanda pia.

Kabla usingizi haujakolea, alijikuta sakafuni. Tubwi.

Mama alimrudisha kitandani. Akaanguka tena. Tubwi.

Baba aliweka jiwe chini ya mguu wa kitanda. Jiwe nalo likaondoka.

"Mama," alisema Nyamizi kutoka sakafuni. "Nataka twende kwetu."

Mama alimwambia hapa ndipo kwao sasa. Lakini alilisema hilo akiwa anatazama ukuta.

Kesho yake Baba alishika jembe. Alisema shamba ni shamba, liwe limelala au limesimama.

Alipiga matuta kama ya Tabora. Marefu, mazuri, yamenyooka kama mistari ya daftari.

Yalianzia mlangoni kwao. Yakashuka moja kwa moja mpaka kijitoni.

Jirani yao alipita na mzigo wa nyasi kichwani. Aliitwa Mama Longino. Alikuwa na sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi.

Alisimama akayatazama matuta. Akamuuliza Baba ni nani aliyemfundisha kulima hivyo.

Baba alifuta jasho. Alijibu kwamba yeye alianza kulima kabla hajaota meno.

Mama Longino alitikisa kichwa, na nyasi nazo zikatikisika. Akasema basi sawa, kazi njema, akaenda zake.

Shamba la Mama Longino lilikuwa jirani, kwa chini kidogo. Lilijaa mashimo, shimo na shimo, kama sega la nyuki.

Baba alilitazama, akatabasamu. Alisema watu wa huku wanafuga mashimo.

Nyamizi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu wahamie.

Baba alikuwa na gunia dogo la maharage. Yalikuwa yaleyale ya Bibi, meupe yenye madoa mekundu.

Walipanda nusu ya gunia. Mama alipanda, Baba akafukia, Nyamizi akayaambia maharage yakae vizuri.

Halafu ikaja mvua.

Ilianza polepole. Ti, ti, ti.

Ikaongezeka. Shwaa.

Maji yalitafuta njia. Wala hayakutafuta sana, maana Baba alikuwa ameshayatengenezea.

*Shwaa, shwaa, shwaa, mpaka chini.*
*Mlima haushiki kitu.*

Asubuhi udongo mweusi haukuwapo. Maharage nayo hayakuwapo.

Kijito kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kilikuwa kinaondoka na shamba lao, na hakikuaga.

Baba alikitazama kijito. Kisha akasema matuta hayakuinuliwa vya kutosha tu, hilo ndilo kosa.

Akapiga matuta mapya. Alirudia kosa lilelile, ila kwa bidii zaidi.

Walipanda nusu iliyobaki. Gunia likawa jepesi, Mama akalikunja.

Safari hii Nyamizi hakuyaambia maharage kitu. Alikaa mlangoni, akatazama mawingu.

Ti, ti, ti.

"Usije," Nyamizi aliiambia mvua.

Ikaja.

*Shwaa, shwaa, shwaa, mpaka chini.*
*Mlima haushiki kitu.*

Asubuhi Baba alikaa kizingitini. Mikono yake ilikuwa na malengelenge, na hakuwa na la kusema.

Nyamizi hakuwahi kumwona Baba bila la kusema. Baba alikuwa akiongea hata na baiskeli.

Alimshika kidole. Baba hakukishika kidole chake.

Ndani, Mama alikuwa anatafuta kitu cha kupika. Alifungua chungu, akafunga. Akafungua debe, akafunga.

Kisha akamwita Nyamizi taratibu. Akamwomba lile kopo.

Nyamizi alilikumbatia. Alisema Bibi alikataza yasipikwe.

"Najua, mwanangu," alisema Mama. "Lakini ndiyo yaliyobaki."

Akasema wayale leo jioni. Kesho Baba atashuka barabarani, aulizie lori la kurudi.

Lori la kurudi. Nyamizi alilitaka lori hilo tangu siku ya kwanza.

Sasa lilikuwa linakuja, na yeye hakufurahi. Alimwona Baba kizingitini, mabega yameshuka kama shati lililolowa.

Nyamizi alitoka nje na kopo lake na ringi yake. Alitaka kulia mahali ambapo hakuna mtu.

Alikaa juu ya jiwe, akalia. Alilia kwa ajili ya Tabora, na ya kiazi, na ya gunia.

Alikuwa anafuta pua. Ringi ikamponyoka.

*Biri, biri, biri...*

Hakuinuka hata kuifuata. Alijua inakoenda.

Alifumba macho, akasubiri chubwi.

Akasubiri.

Akasubiri sana.

Hakukuwa na chubwi.

Nyamizi alifumbua jicho moja. Ringi haikuwa njiani, wala haikuwa kijitoni.

Ilikuwa imegonga jiwe, ikageuka, ikaingia shambani kwa Mama Longino. Na huko ikakaa.

Nyamizi alishuka kwa makalio, kidogo kidogo. Kopo lilikuwa kifuani.

Ringi ilikuwa ndani ya shimo. Imelala, imetulia, kama kuku anayeatamia.

Shimoni mlikuwa na maji kidogo. Chini ya maji palikuwa na udongo mweusi, ule uliowatoroka.

Nyamizi alitazama shimo la pili. Nalo lilikuwa na maji. La tatu pia.

Huku mlima ulikuwa unashika.

Ndipo akaona kitu pembeni ya shimo. Mche mdogo, umeinama, umevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia.

Ganda lilikuwa jeupe, lenye madoa mekundu.

Nyamizi alihesabu. Miche ilikuwa saba. Ni maharage yao yaliyosombwa na mvua ya kwanza.

"Hao wageni wamekuja wenyewe," ilisema sauti kubwa nyuma yake. "Sikuwafukuza."

Alikuwa ni Mama Longino, jembe begani. Nyamizi alishtuka, kopo nusura limponyoke.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, binti wa tambarare. Mbona macho mekundu?"

Nyamizi alifuta macho. Alikuwa na swali lake.

"Mama Longino, kwa nini mlima unashika vya kwako, na vya kwetu unaviangusha?"

Mama Longino alitua jembe. Akainama, akakunja kiganja cha Nyamizi kikawa kama kikombe.

Akachota maji, akayamimina kiganjani. Maji yakakaa.

Akakinyoosha kile kiganja, akamimina tena. Maji yakapita katikati ya vidole, yakaenda zake.

"Mlima hauna mikono," alisema. "Sisi ndio tunauchimbia viganja."

Mashimo hayo wao huyaita ngoro. Ukiyachimba vizuri, mvua inakuja, inakaa, inatulia kama mgeni aliyepewa kigoda.

Nyamizi alimuuliza kwa nini hakumwambia Baba. Maharage yao yangekuwapo mpaka leo.

Mama Longino alikuna shingo. Sauti yake ikapungua kidogo.

"Baba yako alisema anajua. Mtu anayejua, utamfundishaje?"

Nyamizi alitazama juu. Baba alikuwa bado kizingitini, mdogo kama sisimizi.

Kusema lile neno kulikuwa kugumu. Ilikuwa kama kumvua Baba kofia mbele za watu.

Lakini jioni ilikuwa inakuja, na sufuria ilikuwa inasubiri kopo lake.

"Baba hajui," alisema Nyamizi. "Na Mama hajui. Na mimi sijui."

Kisha akasema kwa sauti ndogo zaidi: "Tunaomba mtufundishe."

Safari hii Mama Longino hakucheka. Alimpa ringi yake, akamshika mkono, wakapanda wote wawili.

Baba alipowaona alisimama. Alitaka kusema jambo kuhusu matuta, urefu wake na upana wake.

Akamtazama Nyamizi. Nyamizi alikuwa amekunja kiganja kama kikombe, na ndani yake mlikuwa na mche mmoja wenye kofia.

Baba aliutambua. Akavua kofia yake mwenyewe.

"Sijui," alisema.

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Mama alitoka jikoni kuja kuisikia.

Hapo sasa Mama Longino akacheka. Alicheka mpaka kuku wakakimbia.

"Fundi, uliyatengenezea maji barabara," alisema. "Ilibaki kuyawekea kituo tu."

Baba naye akacheka. Kicheko kilitoka kidogo, kina kutu, kama kengele ya baiskeli ya zamani.

Lile lori halikuuliziwa. Maharage ya kopo hayakupikwa. Mama Longino alileta mihogo, wakala wakashiba.

Asubuhi majirani walikuja, wanaume na wanawake. Ndivyo inavyokuwa huko: mgeni akisema sijui, kijiji kinapanda mlima.

Wanaume walifyeka nyasi kandokando ya shamba. Fya, fya, fya.

Zikaachwa zikauke siku chache. Halafu zikapangwa chini, zingine hivi, zingine vile, mpaka shamba zima likawa miraba.

Baba alishika jembe, aanze kuchimba. Wanawake walimnyang'anya, wakimwambia kwao nyasi ni za baba, shimo ni la mama.

Basi Baba akarudi kwenye nyasi. Alifyeka kwa moyo wote, akafyeka na kamba ya kiatu chake.

Mama alichimba. Chu, chu, chu.

Alichimba katikati ya mraba, akatupia udongo juu ya nyasi. Katikati pakawa shimo, pembeni pakawa kingo.

Mama Longino alisimama akamtazama. Akasema kumbe huyu mkono anao, alikuwa ameuficha kwenye vitumbua.

Ikaja zamu ya Nyamizi. Alifungua kopo la Bibi.

Alichungulia ndani. Haya yakienda, hakuna mengine.

"Je, kama mlima hautashika?" aliuliza.

Hakuna aliyemcheka. Mama Longino alimwambia hata yeye, kila mwaka, huuliza hivyohivyo.

Nyamizi alimwaga maharage juu ya kingo, machache machache. Mama akayafunika udongo.

Chini yake palikuwa na nyasi kama godoro. Juu yake palikuwa na udongo kama blanketi.

Kopo liliishia kwenye shimo la tisa. Mashimo mengine yalikuwa bado mengi, matupu.

Nyamizi alitikisa kopo. Halikusema kitu.

Ndipo mwanamke mmoja akafungua pindo la khanga yake. Akatoa konzi moja ya maharage ya njano.

Mwingine akatoa konzi ya maharage mekundu. Mwingine akatoa meusi. Kila jirani konzi moja.

Shamba likapandwa lote.

Jioni, wakati watu wanaosha majembe, mawingu yakaja.

Ti, ti, ti.

Nyamizi alimshika Baba kidole. Safari hii Baba alikishika na chake.

Ti, ti, ti. Shwaa.

Walisimama mlangoni wote watatu.

Maji yalitoka juu. Yakafika shimo la kwanza.

*Shwaa, shwaa...*

Yakaingia. Yakakaa.

Shimo lilipojaa, yalimwagikia la pili taratibu. Huko nako yakakaribishwa, yakakaa.

Nyamizi alikitazama kijito kule chini. Kilikuwa na rangi ya maji. Hakikubeba hata punje.

*Shwaa, shwaa, kimya.*
*Mlima umeshika.*

Siku zilipita, na Nyamizi alikwenda kukagua kila asubuhi. Jumatatu hakuna kitu. Jumanne hakuna kitu. Jumatano alikata tamaa, akaenda hivyohivyo.

Siku ya Ijumaa alikuta mche mmoja. Umeinama, umevaa kofia nyeupe yenye madoa mekundu.

Nyuma yake ulikuwepo wa pili. Na wa tatu. Na shamba zima, kofia kwa kofia, kama watu wanaotoka kanisani.

Nyamizi aliwaamkia wote. Kisha akasema jambo ambalo Bibi alilisubiri kule Tabora.

"Nimezoea," alisema. "Kidogo."

Jioni ile Mama alimpeleka kulala. Kitanda kilikuwa bado na mteremko.

Nyamizi alilala, akaanza kuteleza. Biri...

"Mama," alisema. "Nichimbie ngoro."

Mama alichukua khanga, akaiviringisha ikawa ndefu kama kamba nene. Akaizungusha pembeni yote ya Nyamizi, kingo huku, kingo kule.

Juu yake akamfunika blanketi. Nyamizi akawa katikati, kama tone la maji.

Mama na Baba walisimama mlangoni, wakasubiri tubwi.

Wakasubiri.

Wakasubiri sana.

*Biri, biri, kimya.*
*Mlima umeshika.*

Nyamizi alikuwa amelala.

Na hadithi yetu nayo imefika kitandani. Tuiwekee kingo, isianguke, nasi tulale.